Kabati dogo la chumbani: kanzu zinaburura, khanga zinanuka uvundo. Nilipange vipi?

Mpangaji wa Malindi

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri wa wanaojua, si wa kuniambia ninunue jengine. Ngazi ya nyumba haipitishi kabati kubwa kuliko hili, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

Chumba kipo ghorofa ya kwanza, nyumba ya mawe Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, upana mita 2.7, urefu mita 3.6, dirisha moja. Kabati ni la plaiwudi, milango miwili. Ndani upana sm 86, kina sm 47, kimo sm 172. Mna shelfu moja tu, sm 145 kutoka chini, na bomba la kutundikia liko chini yake, sm 138. Mgongo wake umeegemea ukuta wa nje.

Vinavyotakiwa viingie: kanzu 8, mabaibui 7, mashati na suruali kama 20 kwa jumla, doti 30 za khanga, mashuka jozi 4 na foronya zake, kofia 5, mitandio, na karibuni nguo za mtoto mchanga inshaallah.

Kanzu na mabaibui yote yanalala chini na kukunjana. Khanga za chini zimeingia koga tangu masika yaanze. Kanzu mbili zina vidoa vya kutu mabegani. Mkaa na naftalini vimo ndani na havijasaidia.

---

Fundi Papi

Waalaykum salaam. Kabati lako halina udogo, lina mgawanyo mbaya. Aliyelitengeneza alipima kwa shati na koti, hakuifikiria kanzu. Kanzu ya mtu mzima ni sm 140 mpaka 150 kutoka begani, na henga yenyewe inashusha bega sm 6 hivi chini ya bomba. Bomba la sm 138 litaburuza tu, hata ukilipanga mara mia.

Ng'oa shelfu na bomba. Simamisha ubao mmoja wa kati, plaiwudi ya mm 18, kina sm 46, kimo sm 171.5. Hiyo nusu sentimita ni ya kukuwezesha kuuingiza bila ya kukwaruza dari ya kabati, na ile sentimita moja ya mbele inaachia nafasi komeo. Kushoto bakisha sm 44, kulia utapata sm 40. Ubao utaangukia karibu na pale milango inapokutana, kwa hiyo kila mlango utafungua upande wake.

Kushoto ni kwa nguo ndefu peke yake. Bomba liweke sm 162 kutoka chini: kanzu ya sm 150 itaning'inia sm 6 juu ya ubao wa chini, na hewa itapita. Kila nguo ndefu nyepesi inakula sm 2.5 za bomba. Nguo 15 ni sm 37.5, na una sm 44. Usijazie hizo zilizobaki, ndiyo pumzi yenyewe.

Angalia na henga. Kina chako ni sm 47, na henga pana za sm 45 zitasukuma mlango mpaka komeo lisishike. Nunua za sm 42, za plastiki nene au za mbao iliyopigwa vanishi. Zile za waya zitupe leo, ndizo zilizokutia kutu mabegani. Bomba nalo liwe la chuma kisichoshika kutu, mm 25. Ukipata la kromu tu, ncha zilizokatwa zipake rangi kabla ya kufunga, kwa sababu upepo wa bahari huanza kulila pale pale lilipokatwa.

Kulia ni shelfu tano, na hapa nasisitiza: usitumie ubao mzima. Tumia papi za inchi 2 kwa 1, ambazo zikipigwa randa zinabaki sm 5 kwa sm 2. Kila shelfu ina papi 6 za urefu wa sm 40, zikiachana sm 2. Jumla kina kinakuwa sm 40, na sm 6 za nyuma zinabaki wazi hewa ipande. Kutoka chini, nyuso za juu za shelfu ziwe sm 32, 62, 88, 114 na 140. Utapata vyumba sita: cha chini kabisa kimo sm 30, kinachofuata sm 28, vitatu vya kati sm 24 kila kimoja, na cha juu sm 32.

Hesabu ya mbao: papi za shelfu mita 12, vishikizo vya pembeni (viwili kila shelfu, sm 40) mita 4. Nunua papi 5 za futi 12, zinatoka mita 18 na kidogo, zilizozidi ni za makosa ya msumeno. Plaiwudi usikubali kuuziwa nusu ya mraba, futi 4 kwa 4, maana ni sm 122 tu na wewe unataka sm 171.5. Omba ikatwe kwa urefu, futi 8 kwa 2.

Skrubu mm 32, kama 90, chukua pakiti ya 100. Za mm 40 usikubali. Kishikizo ni mm 20 na ubao wa kati mm 18, jumla 38. Ya mm 40 itatokeza ncha upande wa pili, na baibui la kwanza utakalolivuta litachanika. Toboa kwanza kwa keekee ya mm 2.5, papi kavu inapasuka mwishoni ukiipiga skrubu moja kwa moja.

Jambo la sakafu. Huo upana wa mita 2.7 umetokana na boriti. Nyumba za mawe zinabebwa na boriti za mikoko, na miti hiyo haitoi urefu wa kufanya vyumba vipana, ndiyo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu. Kabati lililojaa liweke karibu na ukuta mrefu, pale vichwa vya boriti vilipoingia, na chini ya miguu tandika ubao ugawe uzito. Katikati ya chumba ndipo sakafu inapocheza.

---

Unyevu Mtaalamu

Fundi amesema vizuri, lakini mgawanyo bila ya kuliondoa kabati ukutani ni kazi bure.

Ukuta wa nyumba ya mawe una unene wa karibu nusu mita, mawe ya matumbawe na chokaa. Unakunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Chokaa inapumua. Mtu akipiga plasta ya saruji kwa nje, maji yanakosa njia na yanatokea ndani, na utaona rangi ikibambuka na unga mweupe wa chumvi. Sasa wewe umebandika kabati hapo hapo. Nyuma yake hakuna hewa, na ukuta ni baridi kuliko chumba. Hewa yenye mvuke ikifika pale inaacha maji kwenye mgongo wa plaiwudi. Koga haitaki uchafu mwingi, inataka unyevu wa hewa uliozidi asilimia 70 au 80 kwa siku kadhaa, na mwezi wa nne Unguja hilo linapatikana bure.

Kabla ya yote pima kwa mkono: ondoa nguo, gusa ubao wa nyuma asubuhi mapema. Ukiwa baridi na unateleza, ukuta ndio mkosa. Ukiwa mkavu na koga iko kwenye khanga tu, basi khanga ziliingia hazijakauka.

Kama unaweza, lihamishie ukuta wa ndani. Kama huwezi, livute mbele sm 8, na vigingi viwili nyuma ya miguu ili asije mtu akalisukuma tena. Livutwe na liinuliwe pia: miguu sm 10 mpaka 12, vipande vya mti mgumu, si matofali ya saruji, kwani tofali linapitisha maji ya sakafu juu kama utambi.

Kisha matundu. Toboa matundu 6 ya mm 25 chini ya mgongo wa kabati na 6 juu kabisa, nusu upande huu wa ubao wa kati na nusu upande ule. Lazima yawe chini na juu. Hewa ya ndani ikipata joto inapanda na kutoka juu, nyengine inaingia chini. Matundu ya juu peke yake hayafanyi kitu. Ziba kwa wavu wa mbu, la sivyo utakuwa umewafungulia mende mlango.

Mkaa unapunguza harufu kidogo, kwa maji hausaidii. Mchele na chaki ni hivyo hivyo. Yale makopo yanayojaa maji yana chumvi ya kalsiamu kloridi, yanavuta kweli, lakini kwenye kabati lenye matundu utakuwa unaikausha Malindi nzima. Na maji yake yakimwagika juu ya nguo hayakauki, yanabaki yananata.

---

Bi Doti

Hapo kwenye makopo na matundu tusiwachanganye watu. Yote mawili yana mahala pake. Nguo zinazotoka na kuingia kila wiki zinataka hewa. Nguo zinazolala miezi, kama khanga za tunza na mashuka ya wageni, zinataka boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake pakiti za silika. Ukitoboa boksi au ukiacha mfuniko wazi, silika inashiba kwa siku chache na hailindi tena. Na usifunge nguo yenye unyevu ndani ya boksi, utakuwa umeifungia na koga yake. Anika, iache ipoe kivulini saa nzima, ndipo ufunge.

Kosa jengine ambalo halitajwi: nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi ina mvuke. Ukiitia kabatini na joto lake umeingiza maji. Itundike nje kwanza.

Sasa khanga. Kipande kimoja ni kama sm 150 kwa 110. Weka vipande viwili vya doti pamoja, kimoja juu ya chengine, uso nje, zisije zikaachana. Kunja ule upana wa 110 katikati, kisha katikati tena, upande wenye jina ubaki nje: unapata sm 27 na nusu. Halafu urefu. Wengi hukunja katikati, na jina linakatika na kujificha. Wewe peleka ncha zote mbili nyuma zikutane, unabaki na sm 75, zipeleke nyuma tena zikutane, unabaki na sm 37 na nusu. Jina linakaa juu katikati, ukiinua pembe tu unalisoma bila ya kufumua rundo. Na hizo 37 na nusu zinaingia sawasawa kwenye shelfu ya sm 40 aliyokupa Fundi.

Doti iliyokunjwa hivyo ina unene wa sm 2 hivi. Rundo la doti 10 ni sm 20, ndani ya chumba cha sm 24. Vyumba vitatu, doti 30. Usiongeze ya kumi na moja, kwa sababu ukivuta ya chini zote zinakuja.

Khanga mpya zenye ule ugumu wa dukani zina wanga, na wanga ni chakula cha koga na cha wadudu. Za kuvaa zifue kabla ya kuziweka. Za zawadi usizifue, ziende kwenye boksi. Kanzu pia: piga wanga siku mbili tatu kabla ya kuivaa, si kabla ya kuihifadhi. Kanzu yenye wanga ikilala masika mazima inatoka na rangi ya maziwa ya juzi.

Mashuka: kila jozi itie ndani ya foronya yake, zinakaa jozi nne chini kabisa bila ya kutafutana. Suruali kwenye chumba cha sm 28, zimeviringishwa. Kofia za viua zikae juu, kila moja imevikwa kopo la plastiki lenye upana wa kichwa, zisipandane, kwani mshono ukivunjika kwenye pindo haurudi.

Baibui ambalo kitambaa chake hakishiki mkunjo halina haki ya kutundikwa. Matatu ya kila siku yaende kwenye kulabu nyuma ya mlango wa chumba, na hapo Fundi atapata sm 7 na nusu za bomba za mashati mawili ya pasi. Hayo mengine yakunje. Na nguo iliyovaliwa mara moja isirudi kabatini kukaa na safi: jasho lina chumvi, na chumvi inavuta maji.

---

Mpangaji wa Malindi

Ahsanteni sana. Maswali matatu mafupi. Vidoa vya kutu vinatoka? Naftalini niiache? Na vipi kama nikiondoa milango na kutia pazia, maana kitanda kiko karibu?

---

Dawa ya Kabati

Naftalini iondoe leo, na kwa sababu ya huyo mtoto, si ya harufu. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali ya kurithi ambayo si ya nadra huku pwani, anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu kwa kuvishwa nguo au kufunikwa blangeti iliyohifadhiwa na naftalini. Anageuka manjano na kuishiwa damu. Wachanga ndio walio hatarini zaidi. Kila kitu kilichokaa nayo, hata khanga za kumbebea, kifuliwe na kuanikwa mpaka harufu iishe kabisa. Nguo zake ziwe na boksi lake, bila ya dawa yoyote ya harufu.

Usibadilishe kwa kutia karafuu maiti (kafuri) wakati vipande vya naftalini bado vimo. Vikigusana vinayeyuka na kuacha doa la mafuta. Ukitaka harufu tia karafuu kavu, vijiko viwili ndani ya mfuko wa kitambaa, uning'inize kwenye bomba. Usiuweke juu ya nguo, mafuta ya karafuu yanapaka doa la kahawia na yanalainisha baadhi ya plastiki. Asumini na kikuba havikai kabatini hata usiku mmoja, ni maji matupu. Udi fukiza nguo nje ya kabati. Chetezo kisiingizwe ndani hata kwa dakika moja, plaiwudi inashika moto.

Kutu: kamua ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, anika juani saa moja au mbili, suuza, rudia. Jiki usiiguse, klorini inakaza kutu badala ya kuitoa. Ndimu hiyo ni kwa kanzu nyeupe tu, kwenye khanga itachukua na rangi.

Koga iliyoko kwenye mbao: futa kwa kitambaa kilicholowa siki na maji nusu kwa nusu, madirisha wazi, pua umeifunga. Usipige brashi ikiwa kavu, unairusha chumba kizima. Acha milango wazi na feni ielekee ndani siku nzima kabla ya kupaka vanishi.

---

Fundi Papi

Pazia linafaa, na kwa hewa ni bora kuliko milango. Lakini vumbi litaingia na mabega ya kanzu nyeupe yatakuwa ya kwanza kuonyesha. Kila mlango wako una kama sm 43, na ukilivuta kabati sm 8 mbele bado utahitaji kama sm 50 mpaka kitandani ili ufungue na wewe mwenyewe usimame. Pima hapo kwanza. Zikipungua, ng'oa mlango wa kulia tu, wa khanga, utie pazia zito la pamba linaloishia sm 3 juu ya ubao wa chini. Wa kushoto uache ulinde kanzu.

Ukishang'oa mlango mmoja kabati linapoteza ugumu wake na linaweza kuyumba, khasa sasa halina ukuta wa kuegemea. Piga vyuma vya pembe viwili juu na viwili chini kwenye ubao wa kati. Na kwa kuwa ukuta hautoboki na mtoto atakuja kusimama akishika kila kitu, mashuka na vitu vizito vyote viwe chini, na juu ya kabati pasiwekwe sanduku. Sanduku liende mvunguni, juu ya papi mbili zilizobaki, lisiguse sakafu.

Mpangilio wa kazi: siku ya kwanza toa, futa, kausha. Siku ya pili miguu na matundu, kabla ya ubao wa kati, kwa sababu baadaye mkono wa keekee hautageuka ndani ya sm 40. Shelfu anza za chini kupanda juu. Ukipaka vanishi, subiri mpaka pua isisikie kitu, siku tatu nne kwa hali hii ya hewa. Khanga ukizirudisha mapema zitagandana na papi na kutoka na mistari mitano mitano.